VSC OFF: zima ukikwama, washa ukishatoka

Mvua zikianza, simu za wateja wa gereji yetu huwa za aina mbili. Kuna anayepiga akiwa amekwama kwenye tope, anasema gari limekosa nguvu: anakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inanguruma kidogo halafu inanywea, na matairi hayazunguki. Na kuna anayepiga kwa sababu ile taa ya gari linaloserereka imewaka kwenye dashibodi, na mtu amemshauri azime VSC, yaani mfumo unaozuia gari lisiserereke, aendelee na safari. Wa kwanza tunamwambia azime. Wa pili tunamwambia asiguse kitufe, alete gari.

Kila kampuni ina jina lake. Toyota wanaandika VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mercedes-Benz ESP, BMW DSC. Kazi ni ileile. Kwenye kila tairi kuna sensa inayosoma mzunguko, kwenye usukani kuna nyingine inayosoma umekata kona kiasi gani, na katikati ya gari ipo inayohisi bodi inavyogeuka. Kompyuta inalinganisha mambo mawili: dereva anataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi. Yakitofautiana, inashika breki ya tairi moja peke yake, kitu ambacho mguu wako hauwezi kufanya hata uwe dereva wa namna gani. Tuseme uko kwenye kona ya kulia, lami ina maji. Pua ya gari ikikataa kugeuka na kutaka kutoka nje ya barabara, mfumo unashika tairi la nyuma kulia. Mkia ukitaka kutangulia, unashika la mbele kushoto. Hapohapo unapunguza nguvu ya injini. Utasikia pampu ya ABS (breki zinazozuia matairi yasijifunge) ikikwaruza na taa itamwekamweka, na mara nyingi gari linakuwa limeshanyooka kabla hujamaliza kushtuka.

Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza mfumo huu sokoni mwaka 1995. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli za 2012, na Umoja wa Ulaya ukaulazimisha kwa magari yote mapya mwaka 2014. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya mwanzo ya 2000 tunayoyaendesha hapa nyumbani hayana, kwa hiyo usihangaike kutafuta kitufe kwenye gari dogo la 2004 kama hukioni.

Sasa kwa nini uzime? Kwa sababu ya ndugu yake anayekaa naye kwenye kitufe kimoja: TRC, yaani kinachozuia matairi kuslipu unapokanyaga mafuta. Kwenye lami kinakusaidia sana. Lakini kwenye mchanga wa njia za kushukia ufukweni Kigamboni, au kwenye udongo mweusi wa mbuga uliolowa, tairi lazima lislipu kidogo ndipo litupe tope lililojaa kwenye meno yake na kupata pa kushika. TRC inaona kuslipu, inakata nguvu, na gari linazama palepale. Hapo zima. Punguza upepo wa matairi, kwenye mchanga hata mpaka psi 18 hivi, nyoosha usukani, kisha sukuma mbele na nyuma taratibu. Ukitoka, jaza upepo kabla ya kurudi kwenye mwendo wa barabara kuu.

Ila si kila kukwama ni kwa kuzima. Kama tairi moja limening'inia kwenye mtaro na mwenzake liko kwenye ardhi ngumu, iache TRC ikiwa imewashwa na ukanyage mafuta kwa utulivu bila kuachia. Mfumo utashika breki ya lile linalozunguka bure, na nguvu itahamia kwa lenye kushika. Ukizima hapo, utabaki na tairi moja linalozunguka hewani. Watu wengi wanakosea hapa kwa sababu wameambiwa tu "ukikwama, zima". Kwanza shuka uangalie matairi yamekaaje.

Wenye Prado na Land Cruiser za kufunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, nyingi kati ya hizo ukishafunga difu hiyo zinazima VSC zenyewe. Usipate hofu taa ikiwaka wakati huo. Fungua difu ukirudi kwenye lami.

Jambo ninalotaka kila mteja wetu alijue ni hili. Kwenye Toyota nyingi, ukibonyeza kitufe mara moja unazima TRC peke yake, na mwendo ukiongezeka inarudi yenyewe. Lakini ukikishikilia zaidi ya sekunde 3 gari likiwa limesimama, unazima TRC na VSC zote mbili, na hizo hazirudi kwa kuongeza mwendo. Zitabaki zimezimwa mpaka ubonyeze tena au uzime injini. Mtu anajikwamua kwenye tope la shambani, anafurahi, anashika lami na familia ndani, mvua inanyesha, anashuka mlima Kitonga kwenye zile kona bila ulinzi wowote. Kwa hiyo anza na kubonyeza mara moja. Mara nyingi inatosha. Na matairi yakishagusa ardhi ngumu, washa kabla hujafanya kitu kingine, kisha hakikisha maneno OFF yametoweka kwenye dashibodi.

Barabara ya changarawe usizime, hata kama mfumo unaingilia mara kwa mara na kukukera. Unaingilia kwa sababu gari linateleza kweli, nawe unakwenda kasi kuliko barabara inavyoruhusu. Vivyo hivyo ukifunga spea tairi ndogo ya dharura: mfumo unaweza kuchanganyikiwa kwa sababu tairi hilo ni dogo, lakini dawa yake ni kutozidi kilomita 80 kwa saa na kulibadilisha mapema.

Tukija kwenye taa inayowaka yenyewe na kubaki: ikimwekamweka wakati wa kuteleza, mfumo unafanya kazi. Ikibaki imewaka na wewe hujabonyeza chochote, kuna hitilafu. Kwenye magari mengi ya Toyota, taa ya VSC huwaka pamoja na ya injini hata kama breki hazina tatizo. Kompyuta ikiona injini ina kasoro, koili kwa mfano, au sensa ya oksijeni, inasimamisha VSC kwa tahadhari. Wapo wateja waliokwisha kuuziwa sensa za matairi wakati ugonjwa ulikuwa kwenye injini. Sababu nyingine tunazokutana nazo ni waya wa sensa ya tairi uliokatika, swichi ya taa za breki, matairi ya saizi tofauti mbele na nyuma, na usukani usiosetiwa upya kwenye kompyuta baada ya alaimenti.

Kuna mafundi wanaochomoa fyuzi ya ABS ili mambo yaishe, na wauzaji wanaoziba taa kwa gundi nyeusi. Tunalipinga hilo kwa nguvu zote. VSC inatumia pampu ileile ya ABS, kwa hiyo ukichomoa fyuzi umepoteza vyote viwili. Ukinunua gari lililotumika, washa swichi bila kuwasha injini: taa za ABS na VSC lazima ziwake kidogo kisha zizimike. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini.

Ukituletea gari lenye taa hii, usichomoe betri kwanza. Ukiichomoa unaweza kufuta kodi za hitilafu ambazo mashine yetu ingezisoma, na kwenye baadhi ya magari sensa ya usukani inasahau usukani ulionyooka uko wapi, ikawa kazi ya pili. Njoo nalo lilivyo, na utuambie taa iliwaka ukiwa unafanya nini: unakata kona, unapanda mlima, au ulikuwa umetoka kubadilisha matairi.