Kwa joto hili, mshipi wa Ruvuma ni wa watu wawili

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na vijana wanaoshuka Ruvuma na mishipi yao, hasa upande wa Kitaya na Mahurunga. Kuanzia Oktoba hadi mvua zishike, maji hupungua, mto ukagawanyika vijito vijito kati ya mafungu ya mchanga, na perege wakaonekana kwa macho. Basi kila mwenye mwanzi hujiona mvuvi, akaenda peke yake saa saba mchana. Kuna makosa mawili hapo, la saa na la kwenda peke yake, na hilo la pili ndilo baya zaidi.

Tuanze na zana, maana wengi wanaulizia ndoano ya manyoya, iliyofungwa unyoya badala ya chambo, wanayoiona kwa wageni. Si lazima ununue fimbo ya bei mbaya. Mwanzi mkavu wa mita 3 na nusu wenye ncha nyembamba inayopinda unatosha. Ugumu uko kwenye uzi. Ndoano ya manyoya haina uzito na haifungwi chubwi, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni uzi wenyewe, nao lazima uwe mzito juu na mwembamba chini. Sokota nyuzi 4 za nailoni ya milimita 0.25 kwa urefu wa mita 1 na nusu, endelea na nyuzi 3 kwa mita 1, kisha 2 kwa nusu mita, umalizie na uzi mmoja wa milimita 0.20 wenye mita 1. Piga fundo kila unapopunguza, la sivyo msokoto wote utafunguka ukiwa mtoni. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni ikisuguana ikiwa kavu hupata moto na kudhoofika, halafu unalaumu samaki mkubwa. Na usiuache uzi juani juu ya paa la banda, jua hulila nailoni taratibu bila wewe kuona.

Ndoano iwe namba 10 au 12. Chukua unyoya mmoja wa shingo ya jogoo, ufunge kwa uzi wa cherehani karibu na tundu la ndoano, uzungushe mara 3 au 4, funga, kata kinachobaki, kisha paka fundo rangi ya kucha lisifunguke. Unyoya mmoja tu. Wengi hujaza manyoya kama wanafunga ufagio, matokeo yake ndoano haizami na uzi unajinyonga kila ukirusha. Bana kijino cha ndoano kwa plaizi kilale kabisa. Utapoteza samaki mmoja mmoja, ila siku ndoano ikimwingia mtu sikioni utaitoa bila kisu.

Kurusha kwenyewe ni subira. Inua mwanzi, urudishe nyuma, usimamishe ncha ikiwa imepita bega kidogo tu. Ngoja uzi unyooke nyuma yako, ndipo usukume mbele. Ukisikia "ta!" nyuma, hukungoja, na pengine ndoano imekwishakatika. Wapo wanaoendelea kurusha uzi mtupu nusu saa nzima, wakilalamika kwamba samaki hawali. Ikitua, iache izame kidogo, kisha ivute kwa vipande vifupi. Perege haumi kwa fujo. Uzi husimama tu au kwenda kando kidogo. Hapo inua mwanzi taratibu, maana ukiuchomoa kwa nguvu utampasua mdomo.

Kwa kuwa ndoano inapita nyuma, mwenzako asimame upande usio wa mkono unaorusha. Kazi yake si kukutazama wewe. Anatazama maji.

Watu wengi hapa hudhani mamba yuko kwenye kina tu. Mamba jike hutaga mchangani wakati wa kiangazi, mayai huanguliwa baada ya miezi mitatu hivi, na muda wote huo mama hayuko mbali. Fungu la mchanga linalokuvutia wewe kwa kuwa ni kavu na halina matete, yeye naye alilichagua kwa sababu hiyohiyo. Mvuvi anayekodolea macho uzi hawezi kuona mapua mawili yaliyochomoza mita 10 kutoka alipo, na yakizama asijue kwamba yalikuwepo. Mwenzake anaona, na yakizama tu mnarudi nyuma wote bila mjadala.

Msiingie majini hata kama maji ni ya kifundoni. Mwanzi na uzi pamoja vinakupa kama mita 7. Ukisimama mita 3 kutoka ukingoni bado una mita 4 za maji, na perege wa kando wako humohumo. Tena ukikaa mbali hawakuoni. Ndoano ikinasa kwenye gogo, kata uzi. Baada ya nusu saa hameni, kwa sababu mamba husoma mazoea ya mtu, na msirudi hapohapo kesho saa ileile. Samaki apaliwe mbali na maji, matumbo yafukiwe. Viboko nao hurejea mtoni alfajiri kwa njia zao pana zilizokanyagwa katikati ya matete. Usikae kati ya kiboko na maji. Kwa hiyo ngojeni kupambazuke vizuri, hata kama saa nzuri ya samaki ni ile ya kiza.

Tukija kwenye saa: maji ya moto hubeba hewa kidogo. Yakiwa nyuzi joto 20 hushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 hubaki 7 na nusu hivi, wakati samaki mwenyewe anahitaji zaidi. Mchana perege hushuka kwenye kivuli na kina, hana hamu. Mtoni penye mkondo vueni saa 12 hadi saa 3 asubuhi, mrudi tena saa 10 jioni na kuondoka kabla ya magharibi. Kwenye vidimbwi vilivyotuama hesabu hubadilika. Usiku mimea ya majini hutumia hewa, kwa hiyo alfajiri samaki huwa hoi, wanahema juu ya maji na hawali. Huko subirini hadi saa 2, jua likishaamsha majani. Kambale yeye hajali, ana kiungo juu ya mashavu yake ya kupumulia kinachovuta hewa ya juu.

Joto halimwonei samaki tu. Kila mtu abebe lita 3 za maji, na lita moja kati ya hizo itiwe vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Aliyezidiwa na joto hajitambui. Huanza kujibu ovyo, kuyumba, hata jasho huweza kumkauka. Mwenzake ndiye atakayeona. Mpeleke kivulini, mloweshe mwili mzima, mpepee, na kama haongei sawasawa msimnyweshe kitu, atafutwe bodaboda aende zahanati.

Perege jike akitoka majini mtazame mdomo. Taya likiwa limevimba, amebeba mayai au vifaranga. Mrudisheni upesi kabla hajavitema. Wa kupika muuweni papo hapo, mtoeni mashavu na matumbo, mumtie kwenye gunia la mkonge lililoloweshwa na kuning'inizwa kivulini penye upepo. Mfuko wa plastiki humwozesha kabla hamjafika barabarani. Wenye barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo ya samaki. Kambale mbebeni akiwa hai ndani ya gunia hilohilo, ila jihadharini na miiba ya mapezi yake ya kifuani.

Wanaotia utupa, ile sumu ya kuulia samaki, vidimbwini hatuna la kuwaambia hapa; Sheria ya Uvuvi ya 2003 inawahusu, na bwana samaki anawajua. Kwenu wengine, Ruvuma ni mpaka, ripotini kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kushuka, wala msivuke mafungu ya mchanga kufuata samaki upande wa Msumbiji.

Mvua za kwanza zikichafua maji, ndoano ya manyoya haionekani tena. Ikausheni, iwekeni ndani ya kiberiti kitupu, mtumie nyungunyungu kwa kambale mpaka maji yatakapotulia.

Wavuvi wa mshipi,
Mtwara Vijijini