Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuimaliza Rwanda kwa siku mbili

Mpwa wangu mpendwa,

Salaam kutoka Kigali. Barua yako nimeipata na nimefurahi kwamba unakuja, lakini ile kauli yako kwamba siku mbili zinatosha kwa kuwa nchi ni ndogo na ndege utawaona njiani imenifanya nikujibu hadharani, maana wageni wengi wanaofika hapa na darubini shingoni huwa na mawazo hayo hayo.

Ni kweli kwamba Rwanda ina kilomita za mraba 26,338 tu, na kwamba Tanzania yetu ingeimeza zaidi ya mara thelathini. Hata hivyo, aina za ndege walioorodheshwa hapa zinakaribia 700, ilhali kwetu, pamoja na ukubwa wote ule, ni elfu moja na ushei. Nchi hii haipimwi kwa upana bali kwa kimo. Kule Bugarama, mto Rusizi unakotokea kuingia Burundi, uko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Karisimbi kinafika mita 4,507. Kila unapopanda, mimea hubadilika, na ndege hubadilika pamoja nayo. Aidha, magharibi una misitu ya milimani iliyo jirani na Kongo, na mashariki, katika hifadhi ya Akagera, una nyika na mafunjo yaleyale yanayoendelea hadi ng'ambo ya mto Kagera, Karagwe.

Anza na Nyungwe, msitu ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Zaidi ya aina 20 za ndege waliomo hawaonekani popote duniani ila katika milima ya Bonde la Ufa la Magharibi. Mimi niliyemngojea zaidi alikuwa shorogo wa Ruwenzori. Tulisimama kwenye ukungu karibu saa nzima, tukimsikia tu, hadi alipojitokeza akikimbia juu ya tawi kama kindi. Akiwa ametulia utadhani ni wa kijani na buluu. Akiruka ndipo mabawa yanapofunguka mekundu, na wekundu huo unatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake. Ghafla akatoweka. Shingo iliniuma siku mbili, yaani muda wote uliojitengea wewe kwa nchi nzima.

Lakini ukiniuliza mahali ambapo nisingependa upakose, sitakutajia msitu. Nitakutajia Rugezi, kinamasi kirefu kilicho juu ya vilima vya kaskazini, ambacho wageni hukipita wakikimbilia sokwe. Humo anaishi ndege mdogo wa kahawia, mwenye madoadoa kifuani, aliyepewa jina la Grauer, mkusanyaji wa wanyama kutoka Austria. Yumo hatarini kutoweka, na Rugezi ni mojawapo ya ngome zake kuu. Kwa sura hana la kujivunia, nakiri. Ila maji ya kinamasi hicho ndiyo yanayojaza ziwa Burera, na maji ya Burera ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walipochimba mifereji na kulima ndani ya kinamasi, ziwa lilishuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 umeme ukapungua kiasi kwamba nchi ililazimika kutegemea majenereta ya dizeli. Kilimo kikapigwa marufuku humo, kinamasi kikaanza kurejea hali yake, na yule ndege wa kahawia akabaki na makao. Nadhani ni nadra ndege kuokolewa na haja ya watu kuwasha taa.

Kisa cha korongo mwenye taji, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi, kinanigusa kwa namna nyingine. Nilipohamia hapa nilimkuta mmoja kwenye bustani ya hoteli, akizunguka meza za wageni, na nikamsifu kwa upole wake. Hadi mhudumu aliponieleza kwamba mabawa yalikuwa yamekatwa ili asiruke. Wengi walifugwa hivyo kwa ajili ya urembo. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake walianza kuwakusanya, wenye uwezo wa kuruka wakarudishwa porini Akagera, na waliovunjika mabawa wakapewa makao hapa Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village. Utawaona huko wakicheza, wakiinamiana na kurukaruka, ingawa kupaa hawawezi tena.

Kwa hiyo badilisha tiketi yako, uwe na siku kumi. Njoo kabla ya Aprili, wakati mbayuwayu wa Ulaya wangali hapa, na ulete koti la mvua la kweli, si lile la kukunja mfukoni. Nitakuja kukupokea Nyabugogo basi lako likifika, na kesho yake alfajiri tutaanza safari ya Rugezi.

Wako,
Mjomba