Mwanangu, gitaa usiliuze

Mwanangu, marahaba. Salamu zako mdogo wako kanifikishia, na kaniambia pia neno ambalo wewe hukuniambia, kwamba ukihamia kwenye kazi mpya unaliuza gitaa maana halikuingizii kitu. Ndo maana naandika, kwenye simu huwa unanikatisha.

Usiliuze.

Hongera ya kazi nilishakupa na narudia tena, umenipa raha sana. Lakini nani alikwambia kitu kisicholipa ni cha kuacha? Yule bwana anayeimba besi, ile sauti nzito ya chini, aliyefiwa na mkewe, alikuwa anakuja mazoezi ya kuimba anasimama mstari wa nyuma hafungui mdomo, siku ile ulivyopiga ule wimbo wa taratibu akaanza kuimba chini chini, na wenzake wote wa pembeni wakapunguza sauti zao ili asikike. Hakuna aliyewaambia. Wewe hukuona maana ulikuwa umeinamia nyuzi, mimi niliona. Sasa kazi kama ile utaiandikia risiti gani?

Mwaka 2013 watafiti wa Sweden waliwapima watu mapigo ya moyo wakiwa wanaimba pamoja, wakakuta mioyo inaongeza kasi na kupunguza kwa pamoja, kwa sababu wanavuta pumzi kwa pamoja. Mimi sikushangaa hata kidogo. Na usiniambie kazi itakubana, Alexander Borodin wa Urusi alikuwa profesa wa kemia, muziki aliutunga akipata nafasi, kafariki 1887 na mpaka leo okestra zinapiga muziki wake. Nafasi inatafutwa mwanangu.

Sisemi upige bure kila mahali. Kuna mtu anakata tiketi mlangoni halafu anakwambia njoo upige tu utajulikana, huyo akulipe, tena kabla hujapanda jukwaani. Ila pale ambapo kila mtu kaja na alichonacho, aliyeleta viti hajalipwa, anayefundisha sauti hajalipwa, pale usianze habari ya bei.

Na hapa nikuseme kidogo. Una tabia ya kupiga wimbo kwenye ki ya juu, yaani kimo cha sauti kinachokufaa wewe, watu wanaimba ubeti mmoja wanashindwa wanabaki kukuangalia. Shusha. Shusha mpaka mzee asiye na sauti aweze kuimba bila kukaza shingo, na zile mbwembwe za vidole weka mwishoni wakishachoka. Kodi tatu za gitaa, zile sauti za nyuzi zinazopigwa pamoja, ukizipiga kwa kutulia zinatosha kabisa, unapiga vizuri mno kiasi kwamba huna haja ya kumuonyesha mtu.

Ukifika huko wiki ya kwanza tu uliza wapi watu wanaimba, usikae nalo chumbani peke yako, maana la chumbani ndilo linalouzwa. Kama wanatumia spika kubwa usisimame mbele yake, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti desibeli 85 kwa masaa 8 ndio mwisho, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, masikio yakiharibika hayarudi. Ukiwa na mafua usiimbe, na usinong'one pia, kunong'ona kunaweza kuichosha sauti kuliko kuongea taratibu. Gitaa usiliache juani wala ndani ya gari, gundi italegea.

Hapa nyumbani tunaendelea vizuri. Bati la chumba chako linavuja upande wa dirisha, fundi kasema atakuja, nimehamisha madaftari yako yote ya nyimbo nimeyaweka kabatini kwangu. Mdogo wako anataka ukija umfundishe kutyuni, kule kukaza nyuzi mpaka sauti zikae sawa, anasema hataki kujifunza kwenye simu anataka wewe, sasa ukiliuza utamfundishia nini? Nijibu hilo kabla hujasafiri. Na funguo ya geti uliondoka nayo, mpe mtu anayekuja huku ailete.

Mama yako