Barua kwa mwanangu aliyepangwa kucheza wawili wawili

Dodoma, Area C

Mwanangu Yohana,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako amerudi juzi kutoka Mvumi kumwangalia bibi, na bibi anakuulizia kila mara. Upepo umeanza, ule wa vumbi unaoujua, hata pale kiwanjani siku hizi watu wanacheza asubuhi tu.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Kocha amekuchukua kwenye timu ya tenisi ya mkoa, habari ambayo mama yako aliipigia vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, lakini hakukupa mechi za mmoja mmoja. Amekupanga wawili wawili, pamoja na kijana ambaye unasema hata kuongea haongei. Nawe unafikiria kumwambia atafute mwingine, kwa sababu hukuhangaika miaka yote hiyo ili uje kuwa mtu wa kujazia nafasi. Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu ungeniitikia "sawa baba" na mambo yangeishia hapo. Haya nataka uyasome taratibu.

Mtu wa kujazia nafasi! Yohana, Davis Cup, lile kombe la tenisi la mataifa, unaifuatilia tangu ukiwa shule ya msingi, mabingwa wake unawajua kuliko mimi. Basi mwangalie huyo ambaye kombe lina jina lake. Dwight Davis alikuwa kijana wa Harvard, wa familia yenye uwezo, akatoa pesa zake mwenyewe kutengenezesha lile bakuli la fedha ili mataifa yalishindanie. Mwaka 1900 Waingereza wakasafiri hadi Boston, kwenye viwanja vya nyasi vya Longwood, wakafungwa 3-0. Siku ya kwanza Wamarekani walishinda mechi mbili za mmoja mmoja. Siku ya pili akaingia Davis pamoja na Holcombe Ward, wawili wawili, wakamaliza kazi, na kombe likabaki Marekani. Hao wawili walikuwa mabingwa wa nchi yao wa wawili wawili miaka mitatu mfululizo, 1899 hadi 1901. Davis alicheza mmoja mmoja pia, na baadaye akafika hadi kuwa waziri wa vita wa Marekani, lakini ubingwa huo wa uwanjani aliupata akiwa na mwenzake pembeni. Na alikuwa wa mkono wa kushoto kama wewe.

Kisha tazama mashindano yenyewe yalivyopangwa. Kwa miongo mingi nchi mbili zilikutana kwa siku tatu: Ijumaa mechi mbili za mmoja mmoja, Jumamosi moja ya wawili wawili, Jumapili mbili za mwisho. Ijumaa ikiisha 1-1, ni Jumamosi iliyoamua nani anaingia Jumapili akiwa mbele. Tangu 2019 hatua ya mwisho imefupishwa: mbili za mmoja mmoja, halafu ya wawili wawili. Nchi zikigawana zile mbili za kwanza, taifa zima linabaki mikononi mwa watu wawili. Wapenzi wengi wa tenisi walinung'unikia mabadiliko hayo, na mimi nipo upande wao, maana mechi ya seti tano ilikuwa na utamu ambao seti tatu haziwezi kuutoa. Lakini kwa hili tunalozungumza mimi na wewe, nafasi uliyopewa imepanda thamani.

Unakumbuka nusu fainali ya 2023 kule Málaga, Hispania? Italia walikuwa wamepoteza mechi ya kwanza mbele ya Serbia. Jannik Sinner wa Italia akaingia kupambana na Novak Djokovic wa Serbia, na katika seti ya tatu Djokovic akapata pointi tatu mfululizo za kumaliza mechi. Zote tatu Sinner akaziokoa, akashinda seti hiyo 7-5. Mtu akishamtoa Djokovic namna ile unaweza kusema kazi yake imekwisha, akae, akandwe miguu. Haikwisha. Ilikuwa 1-1 tu. Akarudi uwanjani pamoja na Lorenzo Sonego, na ng'ambo ya wavu alikuwepo Djokovic yule yule na Miomir Kecmanović. Waitalia wakashinda 6-3, 6-4, na kwenye fainali wakawafunga Australia na kuchukua kombe ambalo hawakuwa wameligusa tangu 1976. Wengi wanasimulia zile pointi tatu. Mimi nakuambia: bila Sonego, pointi zile zingekuwa hadithi nzuri ya timu iliyotolewa. Sonego hakucheza mmoja mmoja siku ile. Alikaa, akasubiri, akashangilia, kisha akaitwa.

Wafaransa nao walikuwa na wanne wao walioshika kombe hili kuanzia 1927 hadi 1932. René Lacoste unamjua, yule ambaye mamba wake bado anatembea kwenye fulana za mitumba pale Sabasaba. Jean Borotra na Henri Cochet nao walisifiwa kwa mechi zao za mmoja mmoja. Wa nne, Jacques Brugnon, aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wote, alikuwa mtu wa wawili wawili; Wimbledon, yale mashindano makubwa ya Uingereza, alichukua ubingwa wa aina hiyo mara nne. Uwanja wa Roland Garros, kule Paris, ulijengwa mwaka 1928 ili Ufaransa ipate mahali pa kulilinda kombe. Kwenye uwanja wake mkuu kuna majukwaa manne, na kila mmoja wa wale wanne ana jukwaa lenye jina lake. Brugnon analo sawa na Lacoste.

Usidhani nakupeleka Ulaya na Marekani tu. Zimbabwe, nchi ya majirani wa majirani zetu, iliingia kundi la dunia la Davis Cup, yaani daraja la juu kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1990. Nguzo zake walikuwa ndugu wawili, Byron na Wayne Black, waliokulia kwenye shamba la maparachichi ambapo baba yao alitengeneza viwanja vya nyasi. Byron alikuwa namba moja duniani kwa wawili wawili mwaka 1994. Mwaka 1998 waliwafunga Australia kwao Australia, nchi yenye makombe 28. Februari 2000 Marekani wakaja Harare, Andre Agassi akiwa mchezaji na John McEnroe akiwa nahodha wao, na ikabidi ichezwe hadi mechi ya tano ndipo Marekani wapite 3-2. Sisi Tanzania tumekuwa tukicheza madaraja ya chini ya kanda ya Afrika. Kijana atakayetupandisha huko atatoka kwenye timu za mikoa kama hiyo yako, na sitaki ujitoe mwenyewe kabla hujaanza.

Kuna jambo moja zito zaidi. Mwaka 1974 India ilifika fainali, ikiwa na ndugu Vijay na Anand Amritraj waliokuwa katika ubora wao. Mpinzani alikuwa Afrika Kusini ya makaburu. Serikali ya India ikakataa timu yake kucheza kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na kombe likaenda Afrika Kusini bila mpira kupigwa. Mpaka leo India haijalichukua. Wewe umesoma habari za Kongwa, hapa hapa mkoani kwetu, palipokuwa na kambi ya wapigania uhuru miaka ya 1960. Watu wa hapa waliishi nao, wakajua wale vijana wameacha nini makwao. Kwa hiyo ninapofikiria wachezaji wale wa India, waliokuwa hatua moja tu kutoka kwenye kombe la dunia nzima, wakaliachia kwa ajili ya watu wasiowajua, moyo wangu hujaa. Ukivaa jezi ya watu wengi, kuna siku utaombwa utoe kitu. Wao waliombwa fainali. Wewe umeombwa usimame karibu na wavu pamoja na kijana mkimya.

Sasa twende kwenye kazi, maana najua ukishapoa utaanza kuuliza. Wewe ni wa kushoto na yeye ni wa kulia. Hiyo ni neema, itumieni. Wewe pokea upande wa kushoto na yeye wa kulia, ili kila mmoja mkono wake wa nguvu uelekee nje kwenye mstari. Ila hapo mpira wa katikati utawakuta wote wawili kwenye mkono wa nyuma, kwa hiyo kubalianeni mapema nani anauchukua, msije mkatazamana unapita. Tena katika seti moja kila mmoja wenu atakuwa anaanzisha mpira kutoka upande ule ule wa kiwanja. Pangeni zamu zenu vizuri, na kwa kuwa mikono yenu ni tofauti, jua la mchana linaweza lisimpige machoni hata mmoja. Upepo vilevile: aliye na upepo usoni asiinue mipira mirefu, apige chini, miguuni mwa wapinzani. Haya huwezi kuyapanga na mtu usiyeongea naye. Kama yeye ni mkimya, anza wewe. Mwalike mle pamoja, mwulize kwao wapi, mwulize anapenda mpira uje vipi.

Pesa ya nyuzi za raketi nimekutumia jana kwenye simu. Ikibaki, mnunulie na yeye mipira ya mazoezi. Mjibu kocha kabla ya mwisho wa wiki, kwa adabu, na umshukuru. Mimi na mama yako tutakuja, tutapanda basi la alfajiri. Niandikie mnacheza saa ngapi, na kiwanja kimeelekea wapi, mashariki na magharibi au kaskazini na kusini, nijue jua litakuwa upande gani.

Ni mimi baba yako.