Lukemia haisomwi kwenye jeni peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo taarifa nyingi za lukemia, yaani saratani ya damu, huliacha pembeni. Tunasimuliwa jeni zilizoharibika, na ni kweli ugonjwa huanzia huko. Lakini kazi ndani ya seli hufanywa na protini, na hata imatinibu, dawa ya lukemia iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hushambulia protini, si jeni iliyoizaa.

Ugumu umekuwa ni kuzipima. Mwaka 1997 Dominique Bonnet na John Dick, wakiwa Toronto, walionyesha kwamba lukemia kali ya mailoidi, aina ya saratani ya damu inayokua kwa kasi, hutokana na seli shina, yaani seli mama zinazozaa nyingine, ambazo ni chache mno katika uboho, kiasi kwamba vipimo vya kawaida vya protini huzimaliza kabla ya kutoa jibu la maana.

Ndiyo maana naithamini ripoti ya mwaka 2006 ya Raoul Tibes na wenzake wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, Marekani, iliyoeleza kipimo cha protini kinachotosheka na seli chache. Seli huvunjwa, maji yake huzimuliwa hatua kwa hatua, kisha mashine huyadondosha kama vinukta kwenye kioo kilichopakwa nitroselulosi, utando unaonasa protini. Kioo kimoja hubeba sampuli za wagonjwa wengi na hupitishiwa kingamwili ya aina moja, yaani kinasio kilichokusudiwa kushika protini moja tu. Kinukta kikikolea rangi, protini inayotafutwa ni nyingi. Mwaka 2009 Steven Kornblau na wenzake walipima hivyo protini 51 za wagonjwa 256 wa lukemia hiyo, wakaona kwamba mpangilio wa protini hizo unahusiana na muda ambao mgonjwa huishi.

Hata hivyo, sifa ninazoupa mtambo ni chache kuliko ninazompa aliyezihakiki kingamwili. Ndani ya kinukta protini zote zimechanganyika, hivyo kingamwili ikishika isiyoihusu, rangi hutokea vilevile na hakuna wa kuitambua hitilafu. Kwenye jeli, kipimo cha zamani ambako protini hutandazwa kwa kufuata ukubwa wake, iliyoshikwa kimakosa huonekana imekaa mahali pasipo pake. Kwa hiyo kila kingamwili hupimwa huko kwanza, kazi ya kuchosha isiyoandikwa gazetini. (Sampuli nayo ikicheleweshwa mezani, alama za fosfeti kwenye protini, ambazo huwasha au kuzima kazi yake, hubadilika, na kioo kitasoma ucheleweshaji badala ya ugonjwa.)

Ombi langu ni kwamba waandishi wako, watakapoletewa habari za kipimo kipya cha aina hii, waulize kingamwili zilihakikiwa vipi na sampuli zilihifadhiwaje, kabla ya kuuliza kitafika lini hospitalini.

Msomaji wako,
Morogoro