Barua kwa mwanangu Neema: shamba la Simbo tuliache

Mwanga, Kigoma

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku hatujambo. Mama yako amepona homa na amesharudi Kibirizi kwenye dagaa zake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Chuo cha Uingereza kukukubali kwa shahada ya uzamili ya uhandisi wa mazingira ni jambo kubwa, nimemshukuru Mungu. Lakini wamekukubali bila ufadhili, na unauliza kama tuuze shamba la michikichi la Simbo ulipe ada. Mama, shamba lile lote halifikishi hata nusu ya ada, na hapo chakula na pango hatujavigusa. Usinione mchoyo. Njia nyingine isingekuwepo ningeuza, na mawese tungenunua sokoni. Ila njia zipo. Jioni nne nimekaa na binamu yako, yeye na simu yake, mimi na kalamu.

Chuo hicho usikikatae. Waombe wakusogezee nafasi hadi mwakani, nawe utafute fedha. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili, yaani saa 2,800, na ukimaliza masomo urudi nyumbani angalau miaka miwili. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, kwenye kozi zao za maendeleo, nao wanataka miaka miwili ya kazi, na shahada yako kwa kawaida isiwe imepita miaka 6. Wewe una miaka miwili na miezi mitatu kazini. Mwaka jana ulilia kwenye simu kwamba wenzako wamekuacha, kumbe siku zako zilikuwa zinahesabika.

Marekani kuna utaratibu mwingine. Profesa mwenye fedha za mradi humchukua mwanafunzi awe msaidizi wake wa utafiti, au idara humpa kazi ya kusaidia kufundisha. Ada inalipwa, na posho anapata. Shahada ya madarasa matupu, isiyo na tasnifu, ndiyo mara nyingi haina fedha, kwa hiyo angalia hapo kabla ya kujaza fomu. Maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Januari. Vyuo vingi vya kule vimekubaliana kwamba aliyepewa ufadhili asibanwe kujibu kabla ya Aprili 15, hivyo ofa ya kwanza isikupe kiwewe. Ada ya maombi baadhi yao huisamehe ukiwaandikia. Waandikie, si aibu.

Na usidharau karibu. Taasisi ya Nelson Mandela iko Arusha, na Chuo Kikuu cha Afrika kina taasisi ya maji na nishati Tlemcen, Algeria, ambako Umoja wa Afrika huwasomesha wanaochaguliwa.

Sasa barua uliyonitumia niisome, ile ya kumwandikia profesa. Umeanza kwa kusema unayapenda mazingira tangu utotoni. Futa. Kila mwombaji atasema hivyo, na profesa hana cha kushika hapo.

Unakumbuka Mei 2015? Wakimbizi wa Burundi walijaa kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikawaingia, na meli ya Liemba ikawa inawaleta huku mjini, wakifikia Uwanja wa Lake Tanganyika. Mimi nilikuwa kwenye matangi, nawe ulikuja Jumamosi ukanishikia kichupa. Tulikinga maji bombani, tukatia kidonge cha DPD, kile cha kupima dawa ya klorini iliyobaki majini, ukatikisa, maji yakawa ya waridi, nikalinganisha na kadi: miligramu 0.5 kwa lita. Ukafurahi. Jioni ukachota kwenye ndoo ya mama mmoja, maji yaleyale ya asubuhi, ukatikisa weee, hayakugeuka rangi. Ukaniuliza, "Baba, dawa imekwenda wapi?"

Nilikujibu kwamba uchafu wa ndoo umeila, na jua, na saa zilizopita. Lakini ni kiasi gani kwa kila kimoja, na bombani tutie ngapi ili jioni ibaki walau 0.2, sikuweza kukwambia. Miaka 31 nimeendesha pampu na bado siwezi. Hilo swali ni lako, Neema, na ziwa lenye maji tele huku watu wanaugua kwa maji ni la kwetu. Anza barua yako hapo, kwa ile ndoo. Kisha soma kazi moja ya huyo profesa, umweleze inapogusana na swali lako, umuulize kama anachukua mwanafunzi mwakani na kama ana fedha. Ukurasa mmoja unatosha. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe kwa upole, halafu mwandikie mwingine.

GPA yako, wastani wa alama zako, andika 3.8 kati ya 5. Marekani kipimo ni 4. Ukiiacha hivihivi atadhani umekaribia kileleni, na akiona matokeo yako atasema umemdanganya. Wadhamini wako watatu uwaombe sasa, uwape na hiyo barua waisome, wasiandike maneno ya jumla. Na mtu akikwambia umlipe akutafutie ufadhili, kata simu. Jirani yetu hapa amepoteza laki nane hivyo, na mtoto bado yuko nyumbani.

Mjomba wako anapanda treni Jumanne. Nimempa daftari langu la vipimo la mwaka ule, lile la jalada jeusi lililolowa pembeni. Tarehe, saa na usomaji wa kila tangi vimo. Kurasa za mwisho kuna mwandiko wako wa penseli, namba za zile ndoo. Mama yako ameweka dagaa na chupa mbili za mawese ya Simbo. Kapokee mwenyewe stesheni, mjomba hajui kwako.

Baba yako