Mayai ya kasa yapimwe, yasihesabiwe tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Hivi karibuni gazeti lako liliandika kwa furaha kwamba viota vya kasa vinaongezeka, na picha ya vitoto vikikimbilia maji ilinifurahisha. Mimi ni mlinzi wa viota wa kujitolea, kwa hiyo furaha ile ni yangu pia. Lakini habari nzima ilikuwa hesabu: viota vingapi, mayai mangapi, vitoto vingapi. Hakuna aliyeuliza ndani ya yai mna nini, kama mna metali zenye sumu: zebaki, risasi, kadimi.

Sisi ndio tunaofukua kiota baada ya vitoto kutoka. Unalala kifudifudi, mkono unazama mchangani hadi begani, unatoa maganda matupu, laini kama ngozi, halafu mayai viza. Hayo viza tunayapasua tujue yalikomea wapi. Moja lina kiini cha njano tu. Jingine lina kiinitete chenye jicho jeusi na gamba ambalo bado halijapata rangi. Harufu yake hainitoki mikononi siku nzima. Tunajaza fomu, tunayafukia tena, na kila nikiyafukia naona tunazika ushahidi.

Kiini cha yai hakitokani na chakula ambacho mama amekula wiki ile. Kasa akija kutaga huwa hali, au hula kidogo sana. Kiini amekwisha kukitengeneza miezi kadhaa kabla, kutoka kwenye akiba ya mwili wake. Na akiba hiyo ni ya miaka mingi, maana kasa wa kijani huchukua miaka 20 mpaka 40 hivi kabla hajaanza kutaga. Zebaki ikiingia mwilini hung'ang'ania protini, na kiini kimejaa protini. Risasi hufuata njia ya kalisi, madini yanayojenga mifupa, ndiyo maana hukaa kwenye mifupa na huonekana hata kwenye ganda la yai. Kadimi hubaki zaidi kwenye ini na figo za mama. Yaani sehemu ya mzigo wake mama anaushusha kwa watoto, na kwa msimu mmoja anapanda ufukweni mara kadhaa, kila mara akiacha mayai mia moja au zaidi.

Metali hizi hazianzii baharini. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa zaidi cha zebaki inayotokana na shughuli za binadamu, na makaa ya mawe nayo yamo. Ikishafika kwenye tope la mito na pwani, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, aina ya zebaki ambayo huzidi kujilimbikiza kadiri kiumbe mmoja anavyomla mwingine. Kasa duvi, yule mwenye kichwa kikubwa anayetafuna kaa na kombe, anaipata zaidi kuliko kasa wa kijani aliyekomaa, ambaye hula majani ya bahari.

Si kwamba mambo haya hayapimiki. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya mayai 55 ya kasa wa kijani yaliyonunuliwa masokoni katika Rasi ya Malaysia. Viwango vya metali na kemikali nyingine vilitofautiana soko hadi soko, dalili kwamba mama zao walikuwa wamekula katika bahari tofauti. Kwa hiyo usafi wa ufuko wenyewe hautuambii lolote kuhusu yai lililotagwa hapo. Huko Florida, mwaka 2011, watafiti walipima zebaki na madini ya seleni kwa kasa noa, wale wakubwa wasio na gamba gumu, na kwa vitoto vyao, wakitafuta kwa nini mayai mengi hayaanguliwi. Najua yai huviza kwa sababu nyingi: joto, maji kuingia kiotini, kuvu, mizizi. Bila vipimo tunaendelea kuandika sababu hizo hizo nne kwenye fomu.

Linaloniuma zaidi ni wanaoyala. Sumu ya nyama ya kasa inayoua ghafla inajulikana, basi mtu akila yai akaamka salama anasema halina neno. Metali haziui kwa usiku mmoja. Nikiwaeleza watu, hunijibu kwamba wameyachemsha sana. Moto unaua vijidudu; zebaki na risasi hauzigusi. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, akina mama waliokuwa na dalili chache au hawana kabisa walijifungua watoto wenye ubongo ulioharibika vibaya. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Nani amemwambia hayo mama mjamzito anayeletewa mayai ya kasa ili apate nguvu?

Kupima hakuhitaji kuua kasa hata mmoja. Mayai viza yapo, maganda yapo, na tayari tunayashika. Kasa analindwa na sheria, na yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo hatuwezi kubeba mayai yake kiholela, wala hatutaki. Tulipoomba kibali tulijibiwa kwamba upimaji haumo kwenye mpango. Naomba wahusika wauweke, na matokeo yatangazwe waziwazi, ufuko kwa ufuko, yafike kliniki za wajawazito na kwa wanaosimamia mito na migodi.

Kabla ya msimu ujao wa kutaga, fomu zetu ziongezewe safu moja: sampuli imechukuliwa au la. Mifuko safi na friza tutachangishana wenyewe. Tunachokosa ni kibali, na maabara itakayokubali kupokea.

Mlinzi wa viota vya kasa